Uhalisi wa picha ya kale: maana yake

Picha ya kale huitwa halisi kwa maana mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza: karatasi au bamba lenyewe ni la wakati unaotajwa. Ya pili: aliyemo ndiye anayetajwa. Picha inaweza kuwa ya kale kabisa na bado ikawa ya mtu mwingine.

Tuseme familia moja ya Masaka, Uganda, ina picha ya kijana mwenye kanzu, na nyuma pameandikwa "Mtakatifu Karoli Lwanga". Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, yaani Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, aliuawa Namugongo Juni 3, 1886. Anayedai kwamba kamera hazikuwapo Buganda enzi hizo amekosea. Mvumbuzi Henry Morton Stanley alimpiga picha Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa wa Kwanza mwaka 1875. Ila hayo maandishi ni ya baada ya Oktoba 18, 1964, mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Tangu 1920 walikuwa Wenye Heri tu, hatua iliyo chini ya utakatifu. Basi aliyeandika alisimuliwa, hakumwona.

Sasa chukua lenzi inayokuza mara 10. Ukiona vitone vilivyojipanga safu safu, hiyo imetoka kwenye kitabu au kalenda. Ukiona alama za brashi, ni picha iliyopigwa kutoka kwenye mchoro; kuidhani ya mtu mwenyewe ni kosa la kawaida mno. Karatasi ya albumini, yaani karatasi ya picha iliyopakwa ute wa yai, iliyotumika sana miaka ya 1880, ni nyembamba, imebandikwa kwenye kadi ngumu, imegeuka kahawia, na nyuzi zake huonekana. Karatasi nzito laini isiyoonyesha nyuzi huenda ni nakala ya baadaye. Hapo itafutwe ya awali. Usiibandue kwenye kadi, maana jina la studio huwa huko.

Kufanana sura ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele. Mwaka 2022 ilitangazwa dagerotaipu (picha ya kale ya bamba la shaba lililopakwa fedha) iliyotunzwa na uzao wa Joseph Smith, mwanzilishi wa Umormoni aliyeuawa Marekani mwaka 1844. Wakati unaruhusu, kwani ufundi huo ulitangazwa 1839. Wanaoikubali huilinganisha na kinyago cha uso wake kilichotengenezwa alipokufa. Wanaoikataa huona haifanani na michoro ya enzi zake. Tena dagerotaipu kwa kawaida hugeuza kulia kuwa kushoto, kama kioo, kwa hiyo lazima igeuzwe kwanza ndipo ilinganishwe. Isitoshe, ndugu hufanana. Kwa Lwanga hata kinyago hakuna: alichomwa moto.