Si Kila Maqamu Hupigika kwenye Piano

Wanafunzi wengi wa piano wanaovutiwa na taarabu huamini kwamba maqamu yoyote ya Kiarabu, yaani mfumo wa noti unaouongoza wimbo, ni ngazi ya noti saba tu, na kwamba aliyekariri vibonye vyake ameshaijua. Kwa maqamu ya Hijaz inayoanzia D, yaani D, E flati, F shapu, G, A, B flati na C, imani hiyo haiko mbali na ukweli, kwa kuwa mruko mpana kati ya E flati na F shapu, ambao ndio unaoipa ladha yake, upo kwenye vibonye, ingawa mpiga udi stadi huubana kidogo. Bayati ya D ni habari nyingine: inadai noti iliyo kati ya E flati na E, ambayo piano ya kawaida haina. Ukipiga E flati, umeingia maqamu nyingine, Kurd. Ukipiga E, umeingia nyingine tena, Nahawand. Kibodi za umeme zinazoweza kushusha noti moja kwa robo toni hutatua tatizo hilo.

Hata kwa Hijaz, kupanda na kushuka oktava nzima hunufaisha vidole kuliko sikio. Ni afadhali kushikilia D kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukibuni vifungu vifupi vya noti nne za mwanzo, vinavyotua kwanza kwenye G, kisha vikarejea D.