Wanaovuka makaa Hispania hawana dawa nyayoni

Kila Juni 23 usiku, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wenyeji wa San Pedro Manrique, kijiji cha mkoa wa Soria, Hispania, huvuka zulia la makaa ya mwaloni wakiwa pekupeku, wengi wao wamebeba mtu mgongoni. Watu wengi huamini kwamba nyayo zao hupakwa dawa, au kwamba mzaliwa wa pale tu ndiye haungui. Ukiwaona wakivuka, imani hiyo si ya kushangaza hata kidogo.

Lakini nyayo huwa tupu. Makaa yale yana joto la mamia ya nyuzi, ila mkaa na majivu hupitisha joto polepole mno, na kila unyayo hugusa kwa muda usiofika sekunde moja. Kabla ya hapo moto umewaka kwa saa kadhaa, kisha makaa yakatandazwa na kupigwapigwa kwa miti mirefu hadi yakawa sawasawa. Mvukaji hukanyaga kwa uthabiti, hakimbii. Hapo ndipo ninapouona ujuzi wa wenyeji: wamekua wakitazama.

Unaweza kujihakikishia jikoni. Acha mwiko wa mbao na kijiko cha chuma katika sufuria moja ya uji unaochemka, kisha shika mipini yote miwili, kwa uangalifu: wa chuma utakuwa moto, wa mbao la, kwa kuwa mbao nazo hupitisha joto polepole.

Mgeni akienda, aketi kwenye ngazi za mawe za watazamaji atazame. Asijaribu kuvuka: akisitasita, au kipande cha chuma kikiwa kimebaki humo, ataungua vibaya.