Fundi mstaarabu hajulikani kwa ukimya

Juzi nimepigiwa simu ileile. Dada mmoja wa Ngamiani anataka kuongeza vyumba viwili uani, akaniomba nimtafutie "fundi asiye na kelele, nisije nikagombana na majirani." Nasimamia ujenzi hapa Tanga miaka mingi, na ombi hili sasa linanichosha, kwa sababu linawapeleka watu kwa mafundi wabaya wenye sauti ndogo.

Kelele zina mwisho. Nyundo ikinyamaza saa kumi na moja jioni, imenyamaza. Siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, mixa ya kuchanganyia lazima ingurume mfululizo, maana saruji ikishaonja maji hairudi nyuma, na jua la Februari huifanya ishike upesi zaidi. Ukikatisha katikati ili mtu apate usingizi wa mchana, unaacha mshono dhaifu, maji yatajipenyeza humo na nyumba ni ya kudumu. Mstaarabu hafuti kelele hizo. Anahakikisha kokoto, mchanga, maji na vibarua vimetimia jana yake, anaanza asubuhi na mapema, na magharibi inamkuta akiosha karai.

Tatizo ni yale yanayobaki kelele zikiisha. Chukua msingi. Ngamiani nyumba zimebanana, ukuta wa huyu ndio uchochoro wa yule, na nyingi za zamani ni za miti na udongo, plasta ya saruji imekuja baadaye. Ukiitazama kwa nje utadhani ni tofali. Msingi wake ni mfupi, pengine haupo kabisa. Sasa anakuja fundi mpole, ana jembe na sururu tu. Anachimba urefu wote wa ukuta wa jirani kwa siku moja, halafu anapata msiba, anaondoka siku tatu. Mvua ya masika inanyesha usiku mmoja, udongo uliokuwa umeushikilia ule ukuta unateremkia shimoni. Hakuna aliyepigiwa kelele, lakini jirani ameamka na ufa unaopitisha mkono.

Anayejua kazi huchimba kipande cha mita moja hivi, akaruka kinachofuata, akajenga na kushindilia kile cha kwanza, ndipo akarudi kwa alichokiruka. Inakula siku, na tajiri, yaani mwenye nyumba, hulalamika kwamba anavutiwa muda apandishiwe malipo. Mvumilie! Na kabla ya jembe la kwanza alishapiga hodi kwa jirani, wakaukagua ukuta pamoja, akapiga picha nyufa zilizokuwepo, akaweka alama ya penseli pale kila ufa unapoishia na kuandika tarehe. Nikimkuta fundi mwenye penseli ya namna hiyo, nusu ya wasiwasi wangu huondoka.

Nusu tu. Ufa ukisogea sentimita mbili, huenda ni sisi, huenda ni mfinyanzi umekauka na kunywea baada ya masika. Alama inakuonyesha kwamba umesogea, haikuambii nani kausogeza. Nimewahi kulipia plasta ya ukuta ambao hadi leo siwezi kuapa ni nani aliyeupasua, na likitokea tena nitalipa tena. Yule mzee mwenye ukuta bado tunasalimiana.

Vumbi ni suala la upepo. Kusi ikivuma, mchanga unaochekechwa upande wa kusini wa kiwanja unaishia kwenye nguo na vyungu vya wa kaskazini. Kaskazi ikija mambo yanageuka. Fundi makini anaangalia upepo kabla tipa haijamwaga mchanga, na anaufunika kwa turubai. Kukata vigae kwa grainda bila maji nalikataa moja kwa moja, kwa sababu lile vumbi jembamba likiingia kwenye mapafu halitoki. Maji ya kuoshea karai nayo yasimwagwe mtaroni: uji wa saruji unaganda humo, na mvua ikija inaingia sebuleni kwa watu.

Watu wengine huenda kuuliza kwenye kazi ya nyuma ya fundi, nalo ni jambo jema, ila swali wanalikosea. Sisi watu wa Pwani tuna haya. Mwambie bibi aliyekaa barazani, "Shikamoo bibi, yule fundi aliwasumbua?" Atakujibu, "Marahaba mwanangu, alikuwa mtu mzuri tu," hata kama kokoto zilimziba mlango wiki mbili. Muulize hivi: "Siku ya zege mlijuaje?" Akisema fundi alipita jana yake, akauliza kama ndani mna mgonjwa au kuna shughuli, huyo mshike. Akisema walistukia mixa inanguruma, umeshajibiwa. Kisha uliza mchanga ulimwagwa wapi, na mtaro aliuzibua nani.

Yule dada nimempa majina mawili na nyumba walizojenga mwisho, moja Makorora, moja Chumbageni. Nimemwambia asianze na wenye nyumba, wao wamepata vyumba vyao wamefurahi. Azunguke upande wa pili wa ukuta, asubuhi kabla ya saa nne, watu wakiwa bado barazani.