Ndege inapogeuza njiani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Habari kwamba ndege ya abiria imegeuza njiani na kurudi ilikotoka kwa sababu ya hitilafu ya kiufundi husambaa haraka kuliko maelezo yake, na pengo hilo hujazwa na dhana ambazo nyingi hazina msingi. Dhana inayozaa nyingine zote ni kwamba ndege iliyorudi imeponea chupuchupu. Ukweli ni kwamba mara nyingi rubani hurudi wakati ndege bado ina uwezo wa kuruka salama, kwa kuwa kifaa kimoja kati ya vile vilivyowekwa viwili au vitatu kwa kazi ileile kimeacha kufanya kazi, naye hataki kuvuka bahari au jangwa akitegemea kile kilichosalia.

Hofu kubwa zaidi ni ya injini. Wengi huamini kwamba injini moja ikizimika, ndege huanguka. Ndege ya injini mbili haipewi kibali cha kubeba abiria mpaka ithibitishwe kwamba inaweza kuendelea kupaa kwa injini moja, hata kama nyingine itakufa katika sekunde mbaya kuliko zote, yaani ndege ikiwa bado ardhini lakini imeshapita kasi ambayo baada yake haiwezi tena kusimama kabla ya mwisho wa njia ya kurukia. Juu ya bahari nako kuna kanuni zinazoweka kikomo cha umbali kutoka uwanja wa kutua, na umbali huo hupimwa kwa dakika za kuruka kwa injini moja. Ndege ya injini mbili aina ya Airbus A350 iliidhinishwa mwaka 2014 kwa hadi dakika 370. Hata injini zote mbili zikizimika, ndege haidondoki kama jiwe. Tarehe 24 Agosti 2001 ndege aina ya A330 ya shirika la Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kutokana na uvujaji, ikanyiririka angani bila injini kwa takriban dakika 19, ikatua katika visiwa vya Azores, na watu wote 306 waliokuwamo wakatoka hai.

Dhana ya pili inaonekana ya busara zaidi, na ndiyo maana ni ngumu kuing'oa: kwamba rubani mwenye tatizo anapaswa kutua papo hapo, na kwamba ndege inayozunguka saa nzima karibu na uwanja ni dalili ya marubani waliochanganyikiwa. Kinachofanyika ndani ya chumba cha marubani ni kinyume chake. Injini ikiharibika baada ya ndege kuruka, rubani mmoja hushughulika na kuiongoza ndege tu, huku mwenzake akisoma kwa sauti orodha ya hatua zilizoandikwa. Kabla ya kukata mafuta ya injini, mmoja wao huweka mkono kwenye swichi na kungoja mwenzake athibitishe kwa macho na kwa kinywa kwamba ndiyo yenyewe. Ungojaji huo unaweza kuonekana kama urasimu, lakini Januari 1989, karibu na Kegworth nchini Uingereza, marubani wa Boeing 737 walizima injini nzima na kuiacha ile mbovu ikifanya kazi, na watu 47 wakafa.

Sababu nyingine ya kuzunguka ni uzito. Ndege ya safari ndefu huruka ikiwa na mafuta mengi ambayo yalitarajiwa kuungua njiani, kwa hiyo uzito wake unaoruhusiwa wakati wa kuruka huzidi kwa mbali ule unaoruhusiwa wakati wa kutua. Kwa Boeing 777-300ER, viwango hivyo ni takriban tani 351 na tani 251. Baadhi ya ndege kubwa zinaweza kumwaga mafuta kupitia matundu yaliyo mbawani. Ndege ndogo kama Boeing 737 na Airbus A320 hazina mfumo huo, na marubani wake huchagua ama kuzunguka mpaka mafuta yapungue, ama kutua na uzito uliozidi. Kutua hivyo kunaruhusiwa inapobidi, kwa sharti kwamba mafundi waikague ndege baadaye. Mafuta yanayomwagwa juu vya kutosha hugeuka mvuke kabla ya kufika ardhini, ingawa Januari 2020 ndege iliyokuwa ikirudi Los Angeles iliyamwaga chini mno, yakawafikia wanafunzi viwanjani mwa shule zao. Hilo halikuwa kosa dogo, na malalamiko ya wakazi yalikuwa ya haki.

Mfano mzuri wa kutoharakisha kutua ni wa tarehe 4 Novemba 2010, ambapo injini moja ya ndege aina ya A380 ya shirika la Qantas ilipasuka muda mfupi baada ya ndege hiyo kuondoka Singapore, na vipande vyake vikakata nyaya na mabomba ya bawa. Marubani walikaa angani karibu saa mbili wakipitia tahadhari moja baada ya nyingine na kukokotoa urefu wa njia ya kutulia waliouhitaji, kisha wakatua Singapore bila hata abiria mmoja kuumia. Isitoshe, ndege hiyo ilikuwa na umri wa takriban miaka miwili tu, jambo linalotosha kuwajibu wanaodai kwamba ndege zinazorudi ni zile zilizochakaa.

Moshi na moto, hata hivyo, ni habari nyingine kabisa. Ndege ya Swissair iliyoanguka karibu na Halifax, Kanada, Septemba 1998, ilianguka takriban dakika 20 tu baada ya marubani kusikia harufu ya kwanza, na watu wote 229 waliokuwamo walikufa. Moto unaposhukiwa, hesabu za uzito huwekwa kando, na kutua haraka hutangulizwa mbele ya orodha yoyote ndefu.

Abiria wengi pia hushangaa kwa nini ndege imerudi mwendo wa saa mbili wakati imepita juu ya viwanja kadhaa, na huhitimisha kwamba shirika limejali fedha kuliko maisha. Ndege ya injini mbili iliyopoteza injini moja inatakiwa kutua katika uwanja unaofaa ulio karibu zaidi kwa muda, lakini "unaofaa" hujumuisha urefu wa njia, hali ya hewa na huduma za uokoaji. Kwa hitilafu nyepesi, rubani hushauriana na shirika, na hapo ni kweli kwamba vipuri, mafundi na malazi ya abiria huingia katika hesabu. Sioni ubaya wowote, ilimradi neno la mwisho libaki kwa rubani.

Magari ya zimamoto yaliyojipanga kando ya njia huwatia watu hofu zaidi kuliko hitilafu yenyewe, ilhali kuyaita ni tahadhari ya kawaida, hasa kwa kuwa breki za ndege nzito hupata joto kali.

Mwishowe kuna wanaosema kwamba, kwa kuwa ndege ileile ilionekana ikiruka kesho yake, ama hitilafu ilikuwa uongo, ama imefunikwa tu. Vipuri vingi vya ndege vimeundwa kung'olewa na kubadilishwa vizima kwa saa chache, na ndege hairudi kazini mpaka fundi mwenye leseni aweke saini yake kwenye kitabu cha kumbukumbu. Mara nyingi kinachowachelewesha abiria si tena ndege, bali marubani na wahudumu waliokwisha kufikia kikomo cha saa zao za kazi, ambao kisheria hawawezi kuendelea na safari hata kama ndege iko tayari.