Je, wajua kwa nini bodi ya mlango wa kadi huungua tena palepale iliporekebishwa?

Umepitisha kadi, kitaa kimewaka kijani, lakini mlango umegoma. Fundi akifungua kile kisanduku cha ukutani anapokewa na harufu ya kuungua, na kwenye kona ya bodi, yaani kile kibao kinachoendesha mlango, kijidude chenye ukubwa wa punje ya mchele kimegeuka mkaa. Anakibadilisha, mlango unakubali, watu wanashukuru. Wiki tatu baadaye kimeungua tena, palepale.

Mara nyingi kilichoungua ndicho kilichopigwa, na aliyepiga yuko mita kadhaa kutoka hapo: ni kufuli lenyewe.

Ndani ya makufuli haya mna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Umeme ukipita, chuma kinakuwa sumaku. Kufuli la sumaku linaloshika mlango kwa nguvu ya karibu kilo 270 hula kama nusu ampea tu kwa volti 12, umeme ambao bodi inaubeba bila shida. Kasheshe huja umeme unapokatwa. Koili ni kaidi: mkondo ukishashika njia ndani yake haukubali kusimama ghafla. Rilei, yaani swichi ya kwenye bodi inayowasha na kukata umeme wa kufuli, inapoachanisha ncha zake, sumaku inayofifia inausukuma mkondo uendelee, na kwa kuwa njia imekatika, volti inapanda mpaka ipate pa kurukia. Zile volti 12 zinaweza kufika mamia, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Kama rilei ina kifuniko angavu, zima taa za chumba uitazame inapokata: utaona cheche ya buluu kati ya ncha zake. Cheche hiyo ndiyo inayozila ncha mpaka zikagandana, na mlango ukabaki vilevile hata upitishe kadi mara kumi.

Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana bodi nyingi huwekewa kinga karibu na rilei, ama daiodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ama varista. Varista kazi yake ni kumeza pigo na kuligeuza joto, na kila pigo kubwa linaipunguzia maisha. Mlango ukifunguliwa mara 300 kwa siku, kwa mwaka ni mapigo zaidi ya 100,000. Siku moja varista inachoka, inapiga shoti, na inaungua pamoja na kipande cha njia ya shaba iliyokuwa ikiilisha. Chanzo kingine, cha aibu kidogo lakini cha kawaida sana, ni mtu kugeuza chanya na hasi wakati wa kufunga. Hapo daiodi ya kinga inajitoa mhanga papo hapo.

Sasa tuje mezani. Ugumu wa kwanza ni kujua kilichoungua kilikuwa nini. Rezista, kijidude cha kupunguza mkondo, yenye mistari ya rangi ikishaokwa hudanganya: mstari mwekundu hugeuka kahawia, na anayesoma harakaharaka ananunua thamani nyingine kabisa. Zile bapa zilizobandikwa juu ya bodi huandikwa tarakimu, kwa mfano 103, maana yake 10 ikifuatwa na sifuri tatu, yaani omu 10,000. Lakini maandishi nayo huondoka na moshi. Dawa ninayoipenda ni kumwangalia jirani. Bodi inayohudumia milango miwili au minne huwa imechorwa kwa kurudiarudia: sehemu ya mlango wa kwanza ni pacha wa sehemu ya mlango wa pili. Kilichoungua upande huu kipo kizima upande ule, na maandishi yake yanasomeka. Weka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye pacha mzima, kisha kwenye aliyeungua, ulinganishe. Daiodi nzima ikipimwa kwa kipimo cha daiodi husoma karibu 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haisomi kitu. Ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekufa kwa shoti, au jirani yake kwenye njia hiyohiyo ndiye aliyekufa. Inyanyue mguu mmoja upime upya.

Usikimbilie kulehemu kabla hujashughulikia ule weusi. Bodi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi ngumu, na gundi ikiungua inabaki kaboni, ambayo hupitisha umeme. Fundi akilehemu kipya juu ya mkaa huo amejenga njia ya siri kati ya chanya na hasi. Kwangua kwa kisu chembamba mpaka uone rangi safi, futa kwa spiriti, acha pakauke. Njia ya shaba iliyokatika iunge kwa waya mwembamba wenye ganda.

Ukiweka kapasita, kijidude kinachohifadhi umeme kwa muda, angalia upande. Hapa kuna mtego uliowachoma wengi: kapasita ya mkebe huwa na mstari upande wa hasi, ilhali ile ya tantala, kale katofali kadogo ka njano, mstari wake ni wa chanya. Ukiigeuza, huenda ikawaka moto mbele ya pua yako.

Kabla ya kuirudisha ukutani, iwashe bodi kupitia balbu ya volti 12 iliyowekwa kwa mfululizo kwenye waya wa chanya. Balbu ikiwaka kwa nguvu na isipungue, bado kuna shoti, nayo balbu imekuokolea kazi yako. Ikibaki hafifu au isipowaka kabisa, endelea.

Sehemu inayorukwa na wengi iko mlangoni. Kama kufuli ni la umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu, na halina kinga ndani, weka daiodi kama 1N4007 sambamba na nyaya zake mbili, karibu na kufuli kadiri inavyowezekana, mstari wake ukielekea chanya. Mkondo wa koili utazunguka hapo na kufia hapo, hautarudi kwenye bodi. Kwa kufuli la sumaku, soma kwanza maelezo yake: mengi huja na varista ndani, kwa sababu daiodi huchelewesha sumaku kuachia mlango. Na kama kufuli ni la umeme wa AC, unaogeuka upande kila mara, daiodi hapana kabisa, weka varista.

Kuna mahali pa kunyoosha mikono. Kama kilichoungua ni ile chipu yenye programu, mpya ya dukani itakuwa tupu, haina kumbukumbu ya kadi wala ya kazi yake. Na upande wa pawasaplai (sehemu inayoilisha bodi umeme) unaopokea volti 230, kapasita kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi.

Tena usije, kwa haraka ya kuwaridhisha wanaosubiri, ukaunganisha kufuli la sumaku moja kwa moja kwenye umeme huku bodi ikiwa mezani. Waya unaotoka kwenye king'ora cha moto umewekwa ili ukate umeme wa kufuli hilo. Ukiuruka, moto ukizuka mlango utabaki umeshikwa na watu wakiwa ndani.