Uchumi chuoni: benki ni mlango mmoja tu

Kila majibu ya kidato cha nne yakitoka, wazazi huniuliza: "Mwanangu ameitwa kusomea uchumi. Ataajiriwa benki gani?" Mimi ni mwanauchumi, nashughulika na takwimu za biashara hapa Mombasa, na kazi nyingi ninazoziona ziko nje ya benki.

Kijana ajue mapema kwamba kozi hii ni hisabati kwa wingi. Nadharia za soko, pato la taifa na mfumko wa bei hazisumbui sana. Kisha huja kalkulasi, takwimu na ekonometria, yaani kupima kwa data kama jambo hili ndilo kweli lililosababisha lile. Wengi huisoma ekonometria ili wapite tu. Nawasihi, ishikeni hiyo kuliko somo jingine lolote.

Chukua mnada wa chai, ambao umekuwa hapa mjini tangu 1969. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko huuzwa kwa dola, lakini mkulima wa Kericho hulipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160; kufikia katikati ya mwaka ilikuwa kama 129. Kilo ya dola 2 iliyokuwa ikileta shilingi 320 ikawa inaleta 258, na mnunuzi hakupunguza hata senti. Mkulima anaona ameibiwa. Mwagizaji wa mchele pale bandari ya Kilindini, kwa shilingi hiyo hiyo iliyoimarika, anashusha pumzi. Mwanauchumi ndiye wa kupambanua: soko limeshusha bei kiasi gani, shilingi imechukua kiasi gani, kiwanda kimekata kiasi gani. Ukiiweza hesabu hiyo, na ukaweza kumweleza mkulima akaelewa, waajiri watakutafuta.

Waajiri wenyewe ni madalali wa chai, kampuni za meli na mawakala wa forodha wanaofuatilia shehena za Uganda na Sudan Kusini, mamlaka ya ushuru, KNBS (shirika la takwimu la taifa), Benki Kuu. Usizisahau kaunti. Sheria inazitaka ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na lazima awepo mtu wa kukadiria zahanati mpya itagharimu nini na itahudumia nani. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Ila shahada ya uchumi peke yake haikufanyi mhasibu. Anayetaka uhasibu akafanye mitihani ya CPA, ile ya taaluma ya wahasibu. Na anayelenga utafiti ajiandae kwa shahada ya uzamili.

Uliye mwaka wa kwanza, usingoje mhadhiri. KNBS hutoa bei za bidhaa kila mwezi, bila malipo. Chagua moja, tuseme nyanya, uiandike kwenye jedwali mwezi baada ya mwezi, kisha nenda soko la Kongowea ukawaulize wauzaji kwa nini imepanda. Watakutajia mvua, barabara, mafuta ya lori. Mengine hutayakuta kitabuni, yaandike pia.