Kwa nini rangi ya maji hukolea ukingoni?

Angalia mchoro wa rangi za maji wenye vinu vya upepo vya Kinderdijk, Uholanzi, ambako vimesalia 19. Anga imepakwa kwa mapana na haina mipaka, lakini kinu chenyewe kimezungukwa na mstari mwembamba uliokolea, utadhani mchoraji alipitisha kalamu.

Wengi huamini alipitisha kweli. Wengine husema brashi ilikandamizwa ukingoni, au karatasi iliinamishwa rangi ikateremka. Hoja ya kuinamisha inavutia, ila inakwama upesi: mstari hutokea hata upande wa juu, na hutokea kwenye tone lililoachwa juu ya meza iliyo sawa bila kuguswa na mtu. Wala hakuna rangi iliyoongezwa. Ni ileile, imehama.

Iliyoihamisha ni maji. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza jambo hili katika jarida la Nature, wakianzia kwenye doa la kahawa (naam, kahawa). Ukingo wa tone hung'ang'ania palepale, na ndipo maji yanapopotea kwa mvuke haraka zaidi. Maji ya katikati hukimbilia huko kuziba pengo.

Fikiria uwanja wa mpira baada ya mechi. Milango iko pembezoni, kila shabiki ana chupa mkononi, na mlinzi hataki chupa itoke nje. Watu wanakwenda zao, chupa zinarundikana mlangoni. Chembe za rangi ndizo chupa. Na kwa kuwa hata aliyeketi katikati kaiacha yake mlangoni, katikati hupauka.

Anga huepuka haya kwa sababu karatasi ililoweshwa kwanza: rangi husambaa bila kupata ukingo wa kushika. Kinu husubiri pakauke ndipo kipakwe, hivyo rangi yake hupata ukingo.

Karatasi si kioo, hata hivyo. Ile inayofyonza sana hupunguza mstari, na rangi zenye chembe nzito huzama kwenye vishimo vyake kabla ya kufika mbali.

Ajabu zaidi ilikuja 2011, Chuo Kikuu cha Pennsylvania: chembe za duara zikirefushwa, mstari hutoweka. Chembe ndefu hukamatana juu ya uso wa maji, zikakauka zimetandaa sawasawa. Mwenye rangi za kawaida anyonye maji ya ukingoni kwa ncha ya brashi iliyokamuliwa, mapema.